Kila wilaya iwe na usiku wake wa nyota

Tarehe 1 Septemba 2016 umati ulifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama jua likipatwa hadi likabaki pete ya moto. Watu wale hawakufuata kioja tu; walionyesha kiu ya elimu ambayo madarasa yetu hayaikati. Mwanafunzi hukariri Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, akafaulu mtihani, ilhali hajaonyeshwa hata moja angani. Ndiyo maana kila wilaya inahitaji klabu ya watazama nyota, inayoalika umma walau mara moja kwa mwezi.

Wanaouliza gharama wana hoja, kwani darubini kubwa ni ghali. Lakini mwaka 1610 Galileo aliona miezi minne ya Mshtarii kwa chombo kilichokuza mara 20 hivi, na leo hata darubini ya macho mawili, ile ya watalii mbugani, huionyesha ikishikwa imara. Kilimia, kilichowaongoza wakulima wetu kujua misimu, hakihitaji hata hiyo. Wengine watasema kwanza madawati. Yaje, tena haraka. Ila uwanja wenye giza, mwalimu mmoja na darubini moja havimnyang'anyi mtoto dawati. Na sisi wa karibu na ikweta tunaziona nyota za kaskazini na za kusini, bahati wasiyo nayo wakazi wa Ulaya! Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa Misri, na huku kwetu sehemu tu. Klabu zikianza sasa, zitakuwa tayari kuwafundisha watu kulitazama bila kuumiza macho.