Tusiwe Mfinyanzi Alaye Gaeni

Wananchi wa Kisarawe hawahitaji kufundishwa kwamba vilima vya Pugu vina kaolini, ule udongo mweupe ambao kwingineko hutengenezewa vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Jambo tunalopenda kulikumbusha leo ni kwamba elimu ya kuchoma kauri imekwisha kuvuka sahani na vikombe.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Baadaye wataalamu wakatengeneza kauri zenye tabia hiyo. Ndizo zilizomo katika kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito hospitalini. Kauri ikipewa umeme hutetemeka na kutoa sauti isiyosikika; mwangwi ukirudi, kauri ile ile hutoa umeme. Kipande kimoja ni kinywa, na ndicho sikio.

Hatusemi kwamba kaolini ndiyo kauri hiyo, la hasha. Hiyo hutokana na madini mengine, kama vile risasi, zirkoni na titani. Lakini kazi ni moja: kusaga, kuchanganya, kufinyanga na kuchoma kwa joto lililopimwa. Asiyeweza kuchoma kikombe cha nguzo ya umeme hawezi kuchoma kauri yenye hisia. Kaolini ni darasa la kwanza.

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri. Tunawajibu kwa mfano wa nyumbani. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alitunukiwa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, kwa chujio la maji ambalo hurekebishwa kulingana na uchafu wa kila mahali.

Kibaha ni mji wa elimu tangu mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963. Kisarawe ina udongo. Basi tunatoa wito kwa halmashauri, vyuo na viwanda vya pande hizi mbili washirikiane kujenga tanuri moja la majaribio, ambalo vijana watajifunzia. Wala msitu wa Pugu usiguswe kwa ajili hiyo, kwani utafiti hula magunia, hauli malori.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi tukiuza udongo mbichi na kununua vifaa kwa fedha za kigeni, hata hilo gae litakuwa la kuagizwa.