Kuchelewa Nako ni Wizi



Tumezoea kulia wizi pale tu fedha za umma zinapotoweka. Kuna wizi mwingine usio na kelele: jengo la serikali linaanzwa kwa ngoma na vigelegele, kisha linaachwa bila paa. Hakuna anayekamatwa, ila gharama huzidi kupanda.

Mkandarasi asiyelipwa hulaza mashine na kuwarudisha vibarua nyumbani, lakini deni halilali. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inampa haki ya kudai riba kwa malipo yaliyochelewa. Miezi 12 ikipita tangu mkataba kutiwa sahihi, bei yaweza kupandishwa; nyongeza zote kwa jumla zaweza kufika asilimia 25 ya bei ya awali. Hivyo jengo la shilingi milioni 40 laweza kufika milioni 50 bila kuongezwa hata chumba kimoja. Anayelipa ni wewe na mimi.

Ubora nao huharibika. Twaujua udongo wetu mweusi: mvua ikinyesha huvimba, kiangazi kikija hupasuka. Msingi ulioachwa wazi misimu miwili hauaminiki tena. Vyuma hushika kutu, saruji huganda ndani ya magunia. Kisha uchaguzi ukikaribia, kazi hukimbizwa usiku na mchana. Zege, ambayo hupimwa nguvu yake baada ya siku 28, huvuliwa mbao mapema, na nyufa hufichwa kwa plasta. Mama atakayejifungulia chini ya dari hilo hakuulizwa.

Tutazame Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, lililokusudiwa kukusanya maji ya Mto Athi, mto huu wa jirani yetu. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 2018 ukitarajiwa kwisha 2022. Mwaka 2024 wenyeji walikuwa wangali wakingoja maji.

Tunaambiwa subira huvuta heri. Subira ya mfugaji anayengoja mvua ni imani. Subira ya mlipa kodi anayeona mali yake ikioza ni woga. Bwana Yesu alitufunza juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara bila kupiga hesabu, akawa kichekesho cha wapita njia. Sheria yetu inasema vivyo hivyo: zabuni isianzishwe kabla fedha zake hazijaonekana katika bajeti iliyopitishwa. Wanaoivunja wanajua wanalolitenda.

Basi tufanye nini? Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila parokia na kila kikundi cha haki kichague jengo moja lililokwama, kiandike barua na kuuliza: lilianza lini, lilipaswa kwisha lini, mkandarasi amelipwa kiasi gani, bei imeongezwa mara ngapi? Majibu yasomwe hadharani baada ya ibada. Na mwanasiasa akija kanisani na bahasha ya harambee, aulizwe kwanza habari za jengo hilo.

Tusipige tena makofi kwenye jiwe la msingi. Tuyaweke hadi siku milango itakapofunguliwa na mgonjwa wa kwanza kuingia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu tumekwisha kuulipia mara mbili.