Kimeng'enya bandia si dawa bandia

Mfanyabiashara mmoja wa mpakani Rusumo aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, ni kweli bangili ya shaba inatibu saratani?" Aliyemuuzia alimwambia kuwa wazungu wamegundua shaba inayokata DNA ya ugonjwa. Mama yake mzazi ni mgonjwa, na pesa iliyonunua bangili ilikuwa ya nauli ya hospitali. Swali lake linastahili jibu la wazi, kwa sababu ndani ya uongo aliouziwa imo chembe ya ukweli.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwili una vimeng'enya vinavyokata uzi wa DNA pale inapohitajika, na vingi huhitaji madini ili vifanye kazi. Mwaka 1979, David Sigman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kuwa shaba ikishikamanishwa na kemikali iitwayo fenantrolini nayo hukata DNA. Tangu hapo maabara za nchi mbalimbali zinatengeneza vifaa vidogo vya aina hiyo, na ndivyo viitwavyo vimeng'enya bandia. Huko Mexico, dawa za shaba za jamii hiyo, zilizobuniwa na Profesa Lena Ruiz-Azuara, zimefikia hatua ya awali ya majaribio kwa binadamu.

Matumaini hayo yana msingi. Seli ya saratani huishi kwa kujigawa, na DNA yake ikikatwa pande zote mbili ikashindwa kuungwa, seli hufa. Bleomisini, dawa iliyogunduliwa na Mjapani Hamao Umezawa katika miaka ya 1960 kutoka kwa vijidudu vya udongoni, hufanya hivyohivyo: hushika madini ya chuma, hutumia oksijeni, kisha hukata DNA. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na katika ukanda wetu imetumika kutibu saratani ya Kaposi.

Lakini mkasi huu haujui kuchagua vizuri. Hukata DNA ya seli mbovu na ya seli nzima pia. Bleomisini inaweza kuharibu mapafu, ndiyo maana daktari huhesabu jumla ya dozi zote alizopewa mgonjwa tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo vimeng'enya bandia vya shaba vilipokwama: kukata vinaweza, bado vinafundishwa wapi pa kukata. Shaba ya bangili, kwa upande wake, haifiki hata kwenye seli ya uvimbe.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili, bandia ni kitu kilichotengenezwa na mtu kuiga cha asili, na pia ni kitu cha ulaghai. Kimeng'enya bandia ni cha maana ya kwanza. Balaa letu mipakani ni la maana ya pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet Global Health ulipima dawa za saratani kutoka Kenya, Ethiopia, Malawi na Kameruni, ikiwamo sisplatini inayotokana na platinamu. Takriban moja kati ya sita haikuwa na kiasi sahihi cha dawa. Nyingine zilitoka hospitalini, na nyingi zisingetambulika kwa macho.

Hata dawa halisi huharibikia njiani. Chupa za bleomisini hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Sisplatini ya maji, kinyume chake, haitakiwi kuwekwa kwenye friji, na hukingwa na mwanga. Zote mbili zikifungwa katika furushi moja juu ya basi, huenda zisifike salama. Wengi wetu tuliorudi bado tunaagiza dawa tulikokulia, kwa kuwa tunaamini famasi za huko. Nia ni njema, lakini mgonjwa anayepata nusu ya dawa huumia kwa madhara yake bila kupona.

Serikali zetu nazo zina deni. Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012. Mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika Novemba 2021, na makao yake ni Kigali. Kipimo cha taasisi hizo kwetu sisi watu wa mpakani kiwe kimoja: je, forodhani pana mtu na kifaa cha kupima dawa, au pana mihuri tu?

Yule mfanyabiashara nilimshauri asiongeze bangili nyingine. Pesa iliyobaki ampeleke mama hospitali ya serikali yenye kitengo cha saratani, na kila dawa atakayoandikiwa aulize imetoka wapi na imehifadhiwaje.