CHAPATI ZA KRISMASI ZISIFE

Hapa Butula Krismasi bila chapati ni kama arusi bila ngoma. Mama anakanda, shangazi anasukuma, nasi watoto tunajazana jikoni. Hiyo ndiyo mila yetu.

Lakini ngano hatuilimi hapa, na Kenya yenyewe huagiza nyingi kutoka ng'ambo. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga ilipanda. Kwetu tulihesabiwa chapati moja moja!

Maoni yangu ni haya: tuchanganye na unga wa muhogo, maana muhogo tunao shambani. Vikombe 3 vya ngano, 1 cha muhogo. Ukizidisha, chapati itakatikakatika, kwani muhogo hauna mnato wa ngano. Na ule mchungu lazima umenywe, uvundikwe na kukaushwa vizuri kwanza, una sumu.

Wengine watasema ati muhogo ni chakula cha njaa. Je, njaa ni kula cha shambani kwako ama kukosa cha dukani? Mila ni kupika pamoja, si pakiti. Nanyi wavulana, acheni kungoja mezani, kandeni unga! Krismasi hii jaribuni, kisha Januari mniambie.