Bahari Ile ni ya Nani?

Katika mjadala wa muhula uliopita jambo lililoletwa mbele yetu lilikuwa hili: kwamba historia ya Wayunani na Warumi haitufai kitu, na iondolewe. Kura zilipohesabiwa, sisi tuliopinga tulishindwa vibaya. Mimi nilikuwa nimeinua mkono mara tatu nisipate nafasi, kisha kengele ya chakula ikalia, na kila aujuaye ukumbi wetu ajua kwamba kengele ile haina mpinzani. Basi namwomba Bwana Mhariri aniruhusu niyaseme hapa yale niliyorudi nayo bwenini.

Wenzetu walitoa hoja mbili. Ya kwanza, ati habari hizo hazileti chakula. Hiyo siijibu sana, kwani kandanda pia hailetei mtu chakula, nao huicheza mpaka giza liingie. Ya pili ndiyo iliyopigiwa makofi: kwamba bahari ile ni ya Wazungu, na sisi twakaririshwa sifa za babu za watu wengine. Neno hili lina uzito, wala silidharau. Daftari langu mwenyewe lashuhudia. Kurasa tele zahusu pwani ya kaskazini. Pwani ya kusini ina Misri kidogo, kisha Hannibal na tembo wake, basi.

Lakini kosa hilo ni la daftari, si la bahari. Carthage, iliyopigana na Rumi vita vitatu hata ikateketezwa mwaka 146 kabla ya Kristo, ilikuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia. Septimius Severus, aliyeitawala dola ya Rumi tangu 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Augustine, ambaye makanisa ya Ulaya yamejifunza kwake kwa miaka zaidi ya 1,500, alizaliwa na kufa katika Algeria ya leo. Mtu akiniambia hao wote ni babu za Wazungu, nitamwuliza amehesabu vipi. Wala sisemi kwamba ni babu zangu mimi. Severus si jamaa yangu, na sitaki tubadili majivuno kwa majivuno.

Kisa ninachokipenda ni cha Palermo, katika kisiwa cha Sicily. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini walianza kukitwaa kisiwa hicho mwaka 827 mikononi mwa Wayunani wa Constantinople. Mwaka 1072 Wanormani, Wakristo ambao asili yao ilikuwa kaskazini ya Ufaransa, wakaiteka Palermo. Roger wa Pili alipotawazwa mwaka 1130, hakuwafukuza makarani wenye lugha nyingine. Hati za serikali yake ziliandikwa kwa Kilatini, Kiyunani na Kiarabu, na joho lake la kifalme lilitariziwa maandishi ya Kiarabu pembeni. Alipotaka kuijua dunia, alimwita Mwislamu, al-Idrisi. Kazi ilichukua miaka 15 hivi. Waliulizwa wasafiri, maneno yao yakalinganishwa. Walipokubaliana yakaandikwa, walipohitilafiana yakaachwa. (Laiti mijadala yetu ingeendeshwa hivyo!) Mwaka 1154 kitabu kikawa tayari, pamoja na ramani 70, na ramani ya dunia iliyochorwa juu ya bamba la fedha.

Katika kitabu hicho, kilichoandikwa katikati ya bahari ya “watu wengine,” yamo majina ya Malindi na Mombasa.

Mwalimu wetu wa Jiografia alipoitundika nakala ya ramani ile, darasa zima tulipiga kelele kwamba ameigeuza juu chini. Hakuigeuza. Al-Idrisi aliweka kusini juu, kama walivyofanya wachoraji wengi wa Kiislamu wa zama zile. Pwani yetu iko juu ya karatasi, na Uingereza iko chini. Hakufika huku, na makosa yake ni makubwa: pwani yetu ameivuta mashariki mno, hata yakabiliana na Uchina. Hata hivyo, alijua kwamba tupo, na tulikuwa tukiuza nini.

Isidhaniwe kwamba Palermo ilikuwa peponi. Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger, aliwahamisha Waislamu wa Sicily kwa nguvu mpaka Lucera, katika bara ya Italia, na mwaka 1300 watu wa mji huo walitawanywa, wengi wakauzwa utumwani. Hayo nayo hayamo katika daftari langu. Ndiyo maana nasema wenzangu wameiona ndonda wakakosea dawa: daftari lenye nusu ya habari hulijazi kwa kulichoma. Nataka jambo hili lirudishwe ukumbini muhula ujao, na safari hii lianze mapema kabla ya kengele.

Ramani yenyewe sasa imo maktabani, karibu na dirisha. Kuna mtu ameigeuza, akidhani anatusaidia. Tafadhali airudishe kama ilivyokuwa.