Msituletee Orodha, Tuulizeni Kwanza

Ndugu zangu, mnisamehe, leo sina maneno ya sukari.

Kila kijana wa kompyuta hapa Nakivale akitaka kututajia programu huria, anatoa orodha: ishirini, zote pamoja, kwa watu wote. Ati hii nzuri, hii inatumika Ulaya. Sasa mimi nauliza: ni ya nani? Ya mwalimu? Ya mtoto wa miaka sita? Ya mama aliyefika juzi kutoka Kivu na simu ya kioo kilichopasuka?

Mwaka jana nilikaa siku tatu kwenye mafunzo. Tukafundishwa programu inayotaka intaneti kila dakika. Siku ya nne mega zimeisha, na elimu imeisha nazo. Cheti ninacho ukutani. Kazi ya kukifanyia, hakuna.

Mnasema mtaje zinazojulikana. Firefox na VLC nani hazijui? Hiyo ni kumwonyesha mtu kisima anachochota kila asubuhi. Tajeni zile zilizofichika, lakini kila moja na mtu wake.

Mwalimu asiye na vitabu, mpeni Kiwix. Ipo tangu 2007. Wikipedia ya Kiswahili nzima inaingia kwenye kadi ya simu, unaisoma bila mega hata moja. Watoto wadogo, wawekeeni GCompris: herufi, hesabu, michezo ya kufikiri, na kompyuta kuukuu inaiweza. OsmAnd yenye ramani zisizohitaji intaneti, msimpelekee mtu wa boda. Yeye njia anazijua kuliko ramani. Mpeni mgeni anayetumwa hospitali Mbarara na hajui atashukia wapi.

Na mama muuza dagaa? Msimpe kitu. Daftari lake haliishi chaji. Kujua nani hahitaji programu, hiyo nayo ni kuchagua.

Tena mnasahau jambo kubwa. Huria si bei tu. Ni haki ya kunakili na kumpa jirani. F-Droid, duka la programu huria za Android, inakuwezesha kurusha programu kutoka simu hadi simu, bila intaneti. Huku kwetu tunagawana chumvi na moto. Kwa nini tusigawane hii? Mtu mmoja akinunua mega, kumi wanapata.

Basi naomba hivi: kila toleo, programu moja, mtu mmoja. Mwandishi atuambie inakula nafasi kiasi gani, inataka simu gani, inaongea lugha gani, na kama inaishi bila intaneti. Na awe ameitumia mwezi mzima kwenye simu kama yetu, siyo ile yake mpya.

Asiyeweza hayo, aache orodha yake nyumbani. Karatasi ya kuwashia moto tunayo tayari.