Kila kichwa kikiuma ni malaria? Tuache hizo jamani!

Najua nimepotea, na kuna washkaji wameanza kueneza kwamba nimedisko. Sijadisko! Niko wodini, magonjwa ya ndani, natoka asubuhi na mapema narudi usiku hoi. Leo sijaja kupiga stori za boom. Leo nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Ukitaja fangasi hapa hosteli kila mtu anawaza vidole vya miguu na yale mabafu yetu. Tunacheka, tunapaka krimu, yameisha. Sasa kuna fangasi mwingine anaitwa kriptokokasi. Huyu anakaa kwenye udongo na kwenye mavi ya ndege, hasa njiwa. Mimi na wewe tunaweza kumvuta kwa pumzi na kinga zetu zikammaliza bila sisi kujua. Lakini kwa mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 100, anatoka mapafuni anapanda mpaka kwenye ubongo. Hiyo ndiyo homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba iliua watu kama 112,000 duniani, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Katika kila vifo vitano vya UKIMWI, karibu kimoja ni chake huyu.

Wiki kadhaa zilizopita nilimpokea dada mmoja, mama lishe. Kichwa kilikuwa kinamuuma wiki ya tatu. Alishameza dozi mbili za dawa mseto, dukani walimwongezea antibayotiki, kanisani wakamwombea. Mwanga wa dirishani ulikuwa unamuumiza, amejifunika kanga usoni. Kipimo cha malaria: hakuna kitu. Na mimi, msomi wenu, nikaandika kwenye faili: "Malaria? Ipimwe tena." Kuhusu VVU sikumuuliza. Ndugu zake walikuwa wamesimama pale, nikaona aibu.

Kesho yake kwenye raundi daktari aliwaomba ndugu watoke nje, akamuuliza taratibu. Dada akajibu, "Nilikuwa natumia dawa. Niliacha mwaka jana, nilikuwa najisikia mzima." CD4 zikaja 31.

Ikabidi achukuliwe maji ya uti wa mgongo. Kaka yake mkubwa akagoma. Akaniambia, "Daktari, mimi nimeona wawili wamechomwa mgongo, wote tumewazika." Simlaumu, na nyie msimlaumu. Sindano hiyo kwa kawaida huwa tunaifikiria siku ya mwisho kabisa, mgonjwa akishapoteza fahamu, halafu akifa sindano inabebeshwa lawama. Ukweli ni kinyume chake. Fangasi hawa wanaziba njia za yale maji, presha inapanda kichwani, na presha hiyo ndiyo inayopofusha na kuua. Kuyapunguza ni sehemu ya tiba. Kaka alikubali jioni. Maji yalitoka kwa nguvu, na baada ya muda dada akasema, "Naweza kufumbua macho." Tone moja kwenye kijiti, dakika kumi, mistari miwili. Jibu ndio hilo.

Sasa tiba. Duka la dawa la hospitali halikuwa na flusitosini, na amfoterisini ilikuwa imeisha. Tukampa flukonazoli peke yake. Siku ya nane asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu akiniambia "ndio hali halisi ya nchi maskini" nitakasirika zaidi, kwa sababu hali halisi siyo hiyo. Kijiti kile kimeanza kutumika zaidi ya miaka kumi iliyopita, bei yake ni dola chache, hakihitaji maabara kubwa. Kinaweza kumwona huyu fangasi kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma! Na ushahidi haujatoka mbali. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka: wagonjwa wenye CD4 chini ya 200 walipopimwa kwa kijiti na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo za dawa, vifo vilipungua kwa asilimia 28. Watanzania wenzetu ndio walioshiriki, halafu sisi tunaandika "malaria?".

Dawa nazo ni hivyo hivyo. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957. Ni mzee kuliko baba zetu wengi, hataza yake iliisha zamani. Kwa flukonazoli pekee, tafiti nyingi za Afrika zimeona zaidi ya nusu ya wagonjwa wakifa. Mwaka 2018 utafiti mwingine ambao Tanzania ilikuwemo ulionyesha kuwa wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini inashusha vifo hadi kama 24 kwa kila mia. Mwaka 2022 ikathibitika kwamba dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ya liposomu, ikifuatwa na wiki mbili za flusitosini na flukonazoli, inafanya kazi vizuri vile vile na madhara ni machache. WHO wakaipitisha mwaka huo huo.

Kuna wanaosema siku hizi CD4 hazina kazi. Ni kweli tangu 2015 WHO imesema kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4, na huo ni uamuzi mzuri. Lakini kliniki nyingi zikaelewa kwamba basi zisipime kabisa. Sasa utajuaje nani yuko hatarini? Anayeanza dawa akiwa amechelewa, na anayerudi baada ya kuacha kama yule dada, lazima apimwe CD4. Zikiwa chini ya 100, na ikiwezekana hata chini ya 200, kijiti kifuate siku hiyo hiyo. Na akikutwa na ugonjwa ubongoni, ARV zisikimbiliwe, zisubiri wiki nne hadi sita, la sivyo kinga ikiamka ghafla inaweza kumuua.

Kwa hiyo wenzangu wa udaktari, uuguzi na famasia: ulizeni kuhusu VVU, hata mkiona aibu. Watoeni ndugu nje muulize. Na nyie mtakaoshika bajeti za dawa kesho, flusitosini iwe kwenye oda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu ukuta wenyewe ni kaburi la mtu wa miaka ishirini na sita.

Na nyie wa sosholojia mnaosoma hapa, mkiwa na ndugu mwenye VVU anayelalamika kichwa wiki ya pili, msimkimbize duka la dawa. Mpelekeni CTC, mtajeni huyo fangasi kwa jina.

Faili la yule dada bado lina mwandiko wangu. Nawasilisha. Kesho raundi saa moja na nusu, acha nilale.